Toazi la Jumatatu Usiku

Chukua rekodi mojawapo ya bendi kubwa ya jazi ya Thad Jones na Mel Lewis, ngoja hadi saksafoni ipewe nafasi yake, kisha kwa dakika moja msahau mpiga saksafoni. Sikiliza kilicho nyuma yake. Kuna shaba inayokwaruza taratibu, sauti ya kiza isiyo na noti unayoweza kuiimba. Haimfuniki anayepiga, wala haijifichi. Hilo ni toazi la Kichina, ambalo wapiga dramu huliita chaina tu, na sijasikia aliyeliheshimu kuliko Mel Lewis, mpiga dramu wa bendi hiyo.

Lewis alizaliwa Buffalo mwaka 1929, akafariki New York mwaka 1990. Februari 1966 yeye na Thad Jones walianza kupiga Jumatatu usiku katika Village Vanguard, kilabu kidogo kilicho chini ya ardhi, ambacho hufikiwa kwa kushuka ngazi kutoka Seventh Avenue. Jones alipokwenda kuishi Denmark mwishoni mwa miaka ya 1970, Lewis alibaki na bendi mpaka mwisho wa uhai wake. Bendi iliyorithi kazi ile bado inapiga pale pale, siku ile ile ya juma.

Nafikiria kazi ya mkono wake wa kulia. Watu wengi wanalijua chaina kama toazi la kushtua: kishindo kimoja, watu wageuze shingo, basi. Yeye alilipigia mwendo. Alilishika kwa ncha ya kijiti, pigo baada ya pigo, wakati wa ubeti mzima na mwingine tena, akilitumia kubeba wimbo. Toazi la kawaida, la namna ya Kituruki, huimba kwa muda mrefu na sauti yake hupanda juu, huko huko ziliko tarumbeta. Chaina huvuma chini zaidi na hukata upesi, hivyo kila pigo husikika peke yake hata bendi nzima inapolipuka. Lake lilikuwa na misumari midogo iliyolegezwa kwenye matundu yake, na misumari hiyo ilicheza kila alipogusa shaba, ikatoa mchakacho kama wa mchele unaopepetwa kwenye ungo. Ukimsikia Lewis akihama kutoka toazi la kawaida kwenda kwenye chaina, utahisi chumba kizima kimebadilika rangi, ingawa kasi haikubadilika hata kidogo. Hapo ndipo ninapomwona fundi. Alikuwa na chombo chenye uwezo wa kumaliza kelele zote, naye akachagua kukisemesha kwa upole.

Sauti hiyo haikuzaliwa New York. Imetoka kwa wafua shaba wa China, na mji wa Wuhan, mkoani Hubei, ndio uliojulikana zaidi kwa wapiga dramu wa Magharibi. Sehemu nne za shaba nyekundu huyeyushwa pamoja na sehemu moja hivi ya madini ya bati. Mchanganyiko huo ni mkaidi: ukiupiga ukiwa baridi kabla haujatayarishwa, hupasuka. Kwa hiyo hufuliwa ukiwa mwekundu kwa moto, hurudishwa motoni, hufuliwa tena, mpaka kile kibonge kiwe sahani pana na nyembamba. Kisha hutumbukizwa majini. Chuma cha pua kikifanyiwa hivyo huwa kigumu. Shaba hii hulainika, ikakubali nyundo ya mwisho, ile inayotafuta sauti. Nundu ya katikati huinuliwa, ukingo hukunjwa kwenda juu, na fundi hugonga, husikiliza, hugonga tena. Mikwaruzo inayotupendeza imo katika makovu ya nyundo ile. Upana na unene vikilingana vipi, machaina mawili yaliyofuliwa kwa mkono hayatoi sauti moja.

Kwao, matoazi haya hupigwa mawili mawili, kwa kugonganishwa, katika opera na katika sherehe za mtaani. Wapiga dramu weusi wa Marekani, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, waliyakuta pamoja na ngoma za Kichina zenye ngozi iliyopakwa rangi, na wakayatundika juu ya ngoma zao moja moja. Mtu wa pwani yetu aliyekulia karibu na upatu hahitaji kuelezwa kwa nini walivutiwa. Baadaye yakaingia kwenye roki. Neil Peart, mpiga dramu wa bendi ya Rush, alikuwa na chaina la Wuhan, na alilitumia kwa akili.

Waliokuja nyuma yao hawakuwa wote na akili hiyo. Leo chaina limegeuzwa kuwa la kupasuliwa. Ndiyo, ni toazi jembamba, na ukilifunga mgongo juu ukingo wake uliokunjwa hugongwa na kijiti; ndiyo maana wanaolijua hulipindua, kijiti kikaangukia kwenye bega lake. Lakini nimeona vijana wakilipiga kwa mkono mzima, ufa ukatokea, nao wakacheka na kuagiza jingine. Hawakuchukua hata dakika ya kutoboa kitundu mwishoni mwa ufa ili usiendelee kutembea. Shaba iliyorudishwa motoni mara nyingi kiasi kile inastahili dakika hiyo.

Na sasa kuna linalonisikitisha zaidi. Katika studio nyingi, hata hapa kwetu, chaina ni faili ndani ya kompyuta. Mtu alilipiga zamani mahali fulani, akalirekodi, nasi tunaliita kwa kidole. Linakuja kwa kishindo kile kile. Toazi la kweli likiguswa lingali linavuma hutoa sauti nyingine kabisa, kwa kuwa pigo la pili linaikuta shaba iko mwendoni. Pigo la tatu nalo lina habari zake. Mafaili huigiza jambo hilo kwa kubadilishana, lakini hayana kumbukumbu ya kilichotangulia. Viwanda navyo vina mashine za kugonga zinazoongozwa na kompyuta, na sauti inayotoka ni safi, sawasawa, ya kuaminika. Chaina safi! Mnunuzi huliagiza kupitia intaneti bila kuligonga hata mara moja, wakati zamani mtu angeweza kushinda dukani akigusa moja baada ya jingine mpaka lipatikane lililoitikia mkono wake.

Kijana aliyejifunzia kwenye faili akiketi mbele ya chaina halisi, hulipiga kwa nguvu, kwa sababu hiyo ndiyo sauti pekee aliyowahi kuisikia kutoka kwake. Hakuna aliyemwambia kwamba toazi hili linaweza kupigwa polepole wimbo mzima, na walioweza kumwonyesha wanapungua.