Kuichagulia Risasi Bunduki Ijishindiliayo

Mtu aliyezoea ile bunduki ya mtutu mmoja ikunjwayo katikati huamini kwamba risasi ina kazi moja tu, nayo ni kuyatupa marisau mbele. Na kwa silaha ya namna hiyo imani yake ni sahihi, maana hata risasi ikiwa dhaifu, mwenyewe ataikunja bunduki, atalichomoa ganda kwa kucha zake na kutia jingine. Lakini akipata shotigani ijishindiliayo yenyewe hesabu hubadilika, kwa kuwa nguvu ya baruti sasa hutumika kuwili: sehemu huyasukuma marisau, na sehemu huuendesha mtambo ili ulitoe ganda tupu na kuipandisha risasi nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si mnyama gani ampigaye, bali mtambo wake unataka nini.

Swali hilo si anasa ya matajiri. Malolo, iliyoko wilayani Kilosa upande wa machweo wa Mikumi, maji ya Mto Mwega hupelekwa kwa mifereji katika makonde ya vitunguu na mahindi, na mahindi yakianza kubeba, nguruwe mwitu hutoka vichakani usiku kama wageni walioalikwa, ilhali kanga huingia mchana kufukua mbegu. Mwenye leseni kwa mujibu wa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, tena mwenye kibali cha wanyamapori, maana sheria ya mwaka 2009 haikumwachia mtu kuwinda kwa hiari yake, hana budi kujua atie nini bundukini. Tembo tumwache nje ya mazungumzo haya: hapana risasi ya shotigani imfaayo, na marisau kwake ni jeraha na ghadhabu tu, ambayo atakayeilipia ni jirani apitaye njia ile asubuhi.

Aliyelitatua tatizo la mtambo kwa namna iliyodumu ni John Browning, fundi wa Marekani, ambaye baada ya kuachana na kiwanda cha Winchester kwa mzozo wa malipo alikwenda kwa Remington Januari 1902, na alipokuwa akingoja kuonana na mkuu wa kiwanda, Marcellus Hartley, akaarifiwa kwamba amefariki ghafla kwa maradhi ya moyo; basi akaichukua bunduki yake akaipeleka Ubelgiji, katika kiwanda cha FN huko Herstal, nayo ndiyo iliyokuja kuitwa Auto-5. Katika bunduki hii mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na komeo, ukaibana kamani iliyolizunguka bomba la risasi, kisha mtutu hurejea mbele kwanza, komeo likabaki nyuma, na katika nafasi hiyo ganda tupu hurushwa nje. Walakini risasi kali huurudisha mtutu kwa kishindo cha kuumiza chuma, na iliyo dhaifu haiufikishi mwisho wa safari yake. Dawa aliyoibuni Browning ni kipande cha shaba kinacholikumbatia bomba, pamoja na pete ya feleji yenye ukingo wa mshazari. Pete ikikaa mbele ya kamani, mshazari wake ukielekea ile shaba, huibana ikalishika bomba kwa nguvu, na huo ndio mpango wa risasi nzito. Ikihamishwa nyuma ya kamani, ikaegemea mwili wa bunduki, mbano hupungua, na bunduki iko tayari kwa risasi nyepesi. Aliyerithi Auto-5 na afungue kwanza kifuniko cha mbele atazame pete iko wapi, na kama bomba limelowa mafuta alipanguse, kabla ya kumlaumu mwenye duka.

Waliofuata walishika njia nyingine. Remington 1100 ya mwaka 1963 huchota gesi kupitia vitundu vilivyo katika mtutu, hata masizi yakiziba, risasi iliyofaa jana hukwama leo. Benelli ya Italia hutegemea lile teke lenyewe, nayo hutaka risasi yenye teke la kutosha na bega lisilolegea. Kwa mitambo mingi mzigo wa gramu 32 hadi 36 ni mahali pema pa kuanzia, na zile nyepesi za gramu 28 au chini yake, zilizokusudiwa mchezo wa kulenga visahani vya udongo, ndizo aghalabu ziliachazo ganda limebanwa mlangoni.

Urefu ndio wenye hila. Namba 70 iliyoandikwa juu ya ganda ni milimita za ganda lililokwisha kufunguka, si la risasi nzima, ambayo kwa kuwa mdomo wake umekunjwa ni fupi zaidi. Ndiyo maana risasi ya 70 huingia bila kizuizi katika chemba ya zamani ya milimita 65, na mwenyewe akadhani mambo ni sawa, kumbe ikilipuka mdomo wake hufungukia pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, na shinikizo likapanda kupita kiasi. Isomwe namba iliyochongwa kwenye mtutu, si mdomo wa muuzaji.

Hapo ndipo mnyama huingia hesabuni. Kwa vipimo vya Kiingereza, gramu 32 za namba 5 ni punje zikaribiazo 250, zenye kutanda vyema juu ya kanga. Uzito ule ule wa SSG ni punje kama 17 tu, kila moja karibu milimita 7, nazo ndizo za nguruwe, kwa umbali mfupi. Maadamu punje ni chache, sharti mtu apige kwanza karatasi pana kwa hatua 30 na kuhesabu matundu, kwani mtutu uliobanwa mno mdomoni huweza kuzitawanya SSG badala ya kuzikusanya.

Nyumba yenye bunduki mbili, ya kipimo cha 12 na ya 20, isichanganye risasi mfukoni, kwa kuwa ile ya 20 huteleza ndani ya mtutu wa 12 ikakwama mbele ya chemba isionekane, na ya 12 ikifuata nyuma yake na kulipuliwa, mtutu hupasuka karibu na mkono wa mpigaji. Ndiyo sababu viwanda vingi huyatia maganda ya 20 rangi ya manjano.