Sanduku la Zana, Rangi Mpya
Ufipa imejuana na chuma tangu zamani. Kabla majembe ya kiwandani hayajaenea, wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma ndani ya malungu, tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma hicho katika vintengwe, tanuri ndogo zaidi. Kwangu mimi, fundi anayekwangua kutu kwenye sanduku la spana hapa Kasense, mjini Sumbawanga, ni jamaa wa wahunzi wale, na anastahili sifa asizopewa.

Hapewi kwa sababu macho yetu huishia kwenye rangi ya juu, na kazi yake kubwa imefunikwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikiachwa hata kidogo, itatuna na kuibandua rangi. Basi fundi hufungua bawaba na komeo, akafuta grisi kwa thina kabla ya kitu kingine chochote, maana msasa ukipita juu ya oili huishindilia kwenye mikwaruzo. Ndipo huja brashi ya waya, msasa namba 80, kisha 120, halafu praima nyekundu. Wekundu ule ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu yenyewe.

Fundi hasa nitamjulia pembeni. Rangi ya majimaji huukimbia ukingo mkali, ikabaki nyembamba pale pale spana zinapogonga. Mjuzi huulainisha ukingo kwa tupa, akaupitishia brashi kwanza, ndipo apake kwingine.

Tena kuna umande. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai bati huamka na unyevu hata usioonekana. Wapaka rangi duniani hutaka chuma kizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi. Asiye na kipimo hungoja jua lipande.

Tabaka ziwe nyembamba, mbili au tatu. Nene hutiririka machozi na kubaki mbichi ndani. Katikati hupita msasa wa maji namba 400, na ulaini wote unaosifiwa hutoka hapo.

Rangi ya mafuta huweza kushikika baada ya siku moja, lakini kwa baridi yetu hukomaa polepole. Mwenye sanduku huja kesho yake, akaliona linang'aa, akataka kulijaza nyundo na tindo. Fundi ninayemheshimu humwambia, “Bado, mzee wangu, rudi wiki ijayo,” ingawa malipo yake yanangoja hapo hapo.