Sindano za Krosi

Fuso limetoka Ruangwa na magunia ya ufuta, na kila dereva anapotia gia chuma kinalia "ngo!" uvunguni. Dereva anasema difu. Tingo anasema gia boksi. Fundi, mzee ambaye gereji yake hapa Nachingwea ni kivuli cha mwembe na jiliwa iliyofungwa kwenye gogo, hasemi kitu. Anatia mawe mbele na nyuma ya matairi, anaingia uvunguni, anaishika propela shafti kwa mikono miwili na kuizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Anarudia, safari hii kidole gumba kikiwa juu ya ungio.

"Krosi ya nyuma."

Shafti ni bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu. Kwa kuwa springi hupanda na kushuka barabarani, bomba hilo lazima likunjike, na linakunjika kwenye krosi: msalaba mdogo wenye mikono minne, kila mkono umevalishwa kikombe chenye sindano za chuma. Ungio likikunjika, shafti huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Ungio la ncha ya pili hulifuta kosa hilo, mradi uma za ncha zote mbili zimekaa sambamba. Ndiyo maana, kabla ya kugusa bolti, mzee anafuta vumbi jekundu na kukata alama kwa patasi: moja penye difu, nyingine kwenye meno ya kuteleza. Fundi wa haraka huiruka hatua hii, na gari hutoka gerejini likitetemeka zaidi kuliko lilivyoingia.

Bolti nne, shafti iko chini. Anatoa saklipu kwa koleo, anagonga vikombe vitoke. Ndani hakuna grisi. Kuna unga wa kutu.

Mji huu uliwahi kujaa mashine. Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, ilichaguliwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Matrekta ya mradi ule yalilala mengi kwa kukosa vipuri na mikono kama ya mzee huyu.

Krosi mpya anaifungua polepole. Anapaka grisi nzito ndani ya kila kikombe ili sindano zisimame zikigusana, kisha anapitisha ncha ya kidole kuzikagua moja moja. Ikianguka moja tu kwenye kitako cha kikombe, kikombe hakitafika mwisho na saklipu haitaingia.

"Mzee, si upige tu iingie?" tingo anauliza.

"Itaingia, mwanangu. Sindano ikivunjika ndani, utaijulia njiani."

Anabana jiliwa robo mzunguko kwa robo, mkono mmoja ukishikilia krosi ndani ya kikombe ili sindano zisipate pa kuangukia. Saklipu inakaa kwa mlio mdogo. Anaizungusha kwa vidole: ni nzito kidogo. Anagonga uma kwa nyundo, kidogo tu, na sasa inakwenda laini bila kulegea.

Alama zinakutana. Bolti zinakazwa kwa kupishana. Bomba la grisi linasukuma hadi grisi mpya ichungulie kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kinachelewa, naye anakisubiri.

Fuso linawaka, gia inaingia kimya. Mzee anampa tingo krosi ya zamani, anamshika kidole na kukipitisha kwenye mikwaruzo ambayo sindano zimeichimba, mstari kwa mstari.