Kukataa Kuzoea

Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa wajenzi wa hifadhidata huria ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya programu kwenye toleo la Debian, mfumo endeshi wa Linux, ambalo lilikuwa bado halijatulia. Akagundua kwamba kuingia kwenye mashine kwa mbali, kwa njia ya SSH, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wetu tungeulaumu mtandao tukaendelea na kazi. Yeye aliifuata nusu sekunde ile mpaka ikamfikisha kwenye xz, zana ya kubana faili, na humo akakuta mlango wa siri uliopachikwa na mtu aliyejijengea imani ndani ya mradi kwa subira ya miaka. Mlango huo ulikuwa umekwisha kuingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Matoleo imara, yale yanayotegemewa na seva nyingi duniani, ulikuwa haujayafikia.

Freund hakuwa mjaribu wa kujitolea. Ni mhandisi mwenye ajira yake. Namtaja kwa sababu ya tabia ile, ambayo ndiyo roho ya kazi ninayotaka kuisifu, ya kujaribu programu huria kwa kujitolea: kukataa kuzoea. Sisi watumiaji wa kompyuta tu mabingwa wa kuzoea. Kitufe kisichoitika mpaka ubofye mara mbili tunakibofya mara mbili. Programu ikiganda tunazima, tunawasha, na baada ya mwezi hatukumbuki kwamba iliwahi kutuudhi. Ndiyo maana mgeni ana kitu ambacho mkongwe amekwisha kukipoteza. Anayeanza leo hahitaji kujua kuandika msimbo, ila asiharakishe kuyazoea anayoyaona.

Mahali pazuri pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi. Ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, na ukoo huo si mgeni kwa Waswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Toleo kubwa la LibreOffice hutoka kila baada ya miezi sita, na kabla yake hutangulia ya majaribio. Yale ya alpha na beta husakinishwa kando, kwa jina la LibreOfficeDev, bila kuligusa lile unalofanyia kazi. (Hata hivyo, usilifungulie tasnifu yako. Fungua nakala.)

Ukishalisakinisha, usipite menyu moja baada ya nyingine kama mkaguzi wa tiketi. Fanya shughuli zako. Andika barua ya kuomba ruhusa kazini, bajeti ya harusi, mtihani wa darasa la sita. Andika ng'ombe, kisha ubofye mara mbili juu yake: limechaguliwa neno zima, au limekatika kwenye kialama? Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, unarudishiwa nini ukiwasha tena? Faili kubwa linafungukaje kwenye kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ndogo? Mjaribu wa Berlin aliye makini kabisa huenda asifikirie kuuliza hayo, kwa kuwa maisha hayajamuuliza.

Hapo hitilafu itajitokeza, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, kwa sababu kuiona ni nusu tu ya kazi. Fundi wa gari hakubali uambiwe tu kwamba gari linalia. Atauliza: linalia ukikata kona au ukikanyaga breki? Likiwa baridi au moto? Ripoti nzuri humjibu fundi kabla hajauliza. Toleo gani, mfumo gani wa kompyuta, nilifanya hiki, kisha hiki, kisha hiki. Nilitarajia kile, nikapata hiki. Mtu aliye bara jingine, ambaye hamtaonana, azifuate hatua zako na hitilafu imtokee yeye pia.

Ninachokipenda zaidi ni kupunguza. Una waraka wa kurasa 80 unaoifunga programu kila unapohifadhiwa. Nakili, futa nusu, jaribu. Bado? Futa nusu ya kilichobaki. Mwisho unabaki na aya moja na picha moja, na siri za ofisi zimeondoka humo. Nathubutu kuuita uandishi, na wa aina ngumu, kwani kila neno lililobaki lina sababu ya kubaki.

Nusu hizohizo zinakata hata wakati. Kama jambo lilifanya kazi zamani na sasa limeharibika, LibreOffice inayo hazina ya matoleo yaliyokwisha kujengwa, yamepangwa kwa mfuatano. Unajaribu la katikati; likiwa zima, kosa liko mbele yake, likiwa bovu, kosa liko nyuma. Matoleo 1,000 humalizika kwa majaribio 10 hivi, na asiyejua msimbo anaweza kuonyesha badiliko lililoleta tatizo.

Eric Raymond, mtetezi wa programu huria, alidai mwaka 1997 kwamba macho yakiwa mengi, hakuna hitilafu itakayobaki ngumu. Dai tamu, lakini kasoro ya Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, kuanzia 2012 hadi 2014, msimbo ukiwa wazi kwa yeyote. Macho hupita. Anayehitajika ni wa kusimama.

Kwa hiyo usianze na ripoti yako. Ingia kwenye foleni ya ripoti za LibreOffice ambazo hazijathibitishwa, chukua ya mtu mwingine, fuata hatua zake. Ikikutokea, sema imenitokea, na kwa toleo gani. Ndipo itakapoandikwa kuwa mpya, hata kama ina umri wa miaka minne. Isipokutokea, muulize kwa upole alichosahau kusema. Wengine hawatajibu. Ripoti nyingine zitakaa miaka, na hakuna unayeweza kumdai, kwa kuwa naye huenda anajitolea baada ya kazi.

Siku marekebisho yakiingia, pakua toleo jipya la majaribio, bando likiruhusu. Rudia hatua zilezile, kwa faili lilelile, uandike kwamba imethibitishwa kupona. Kisha jaribu jedwali lililo ndani ya jedwali jingine, kwa sababu aliyerekebisha alikuwa akitazama aya ya kawaida tu.