Mahakama Isiyohitajika katika Rosa Mistika

Kosa kubwa la Rosa Mistika, riwaya aliyoitoa Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, si Rosa wala si Zakaria baba yake, bali ni ile sura ya mwisho ambamo marehemu hao wawili wanasimamishwa mbele ya Mungu washitakiane.

Wapo waungwana hapa Kidatu na kule Ifakara wasemao kwamba kitabu hiki hakisomeki kwa kuwa hakina mtu wa kupendwa: baba mlevi, binti anayejitoa kwa wanaume, mkuu wa chuo asiye na haya. Hoja hiyo nimeipinga tangu zamani, maana katika bonde hili la Kilombero, ambako mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari vimekusanya kaumu za kila mkoa, Zakaria si mgeni kwa yeyote. Na ladha ya kumsoma ni kumchukia, kisha kutambua kwa fadhaa kwamba kipigo alichompa bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana kilikuwa na khofu ya mzazi ndani yake. Kujiua kwa Rosa baada ya kukataliwa na mchumba wake Charles kumeandikwa vema.

Walakini msomaji aliyekwisha kushika mizani, akapima dhulma ya baba na ukaidi wa binti, asijue upande upi ni mzito, ananyang'anywa mizani hiyo ghafla. Na kisa ambacho tangu mwanzo kilikuwa cha pombe, barua na chuo kinapaa mbinguni bila ya kutandikiwa njia, na watu ambao uovu wao ulitutaabisha kwa kuwa ulifanana na wetu wanageuka wasemaji wa kesi.

Si kwamba mambo ya ajabu hayafai: Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alileta majini na adhabu za ajabu, lakini ndugu waovu aliwaita Hasidi na Mwivu, hata msomaji akajua ameingia ulimwengu gani. Na uaminifu huo wa fundi kwa msomaji wake naona unapotea, ilhali madarasani vijana wanafundishwa kusaka ujumbe kabla ya kumjua mtu. Kezilahabi mwenyewe alifanya vema zaidi mwaka 1974: Kazimoto wa riwaya yake Kichwamaji, mwenye kiburi kumshinda Rosa, anajiua pasipo kufunguliwa mahakama yoyote.

Nawasihi walimu wa sekondari za Kilombero: someni na wanafunzi wenu hadi kifo cha Rosa, kisha waacheni wabishane siku nzima kabla ya kuwafungulia sura ile.