Mvinyo Haukumwokoa Bond

Wahakiki wa filamu ya From Russia with Love (1963), iliyoongozwa na Terence Young, hupenda kuganda kwenye behewa la chakula. Humo, ndani ya treni ya kifahari ya Orient Express, muuaji Red Grant, anayejifanya jasusi wa Kiingereza aitwaye Nash, anaagiza mvinyo mwekundu wa kuteremshia samaki. Wanatuambia hicho ndicho kidokezo kikuu: muungwana wa Kiingereza hakosei hivyo. Sasa sisi wa Shinyanga, ambao samaki wa safarini tunamnunua dirishani treni ikisimama, tungekijuaje? Na kikitupita, eti hatukuielewa filamu!

Nakataa. Hebu tuitazame kazi yenyewe. Bond (Sean Connery) anayaona yote pale mezani, na hafanyi lolote. Anakuja kuukumbuka ule mvinyo akiwa amepiga magoti, bastola inamtazama. Uungwana wake haukumsaidia hata chembe.

Kilichomwokoa ni dhahabu. Anaomba sigara, anaahidi kuilipia kwa sarafu hamsini za dhahabu zilizomo mkobani mwake. Grant anaziona, kisha anauliza kama na mkoba wa pili unazo. Bond anajitolea kuufungua. Grant hamwamini, anaufungua mwenyewe, na gesi ya machozi inamfumukia usoni.

Mimi filamu hii niliionea kwenye banda la video huko Katoro, Geita, nimebanwa katikati ya wachimbaji wadogo. Wakati wa mvinyo watu walikuwa wanapiga soga zao. Sarafu zilipoonekana, banda zima kimya. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo kwisha. Atafungua na la pili." Kiingereza hakijui mzee yule. Ila anawajua watu waliopata gramu moja duarani wakashindwa kupanda juu, wakazidi kuchimba.

Huo ni uhakiki, ndugu zangu, na umeshika taharuki ya filamu pale inapokaa hasa. Tena unatufikisha kwenye swali ambalo wapenda mvinyo hawaliulizi. Dhahabu ile ni ya serikali ya Uingereza. Bond anasafiri nayo nchi baada ya nchi na hakuna anayemwita mlafi. Grant anainyooshea mkono usiku mmoja tu, ananyongwa kwa waya wa saa yake mwenyewe.