Ndoo ya Chini ya Sinki

Jikoni kwa shangazi yangu, ghorofa ya tatu huko Upanga, chini ya sinki kuna ndoo mbili za lita 20, moja imepachikwa ndani ya nyingine. Mgeni hawezi kubahatisha kilichomo: hakuna harufu, hakuna nzi. Humo anafuga nyungunyungu.

Ndoo ya juu aliitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto: kitako kichuje maji, kifuniko kipitishe hewa. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi. Wakikauka wanakufa, wakizama kwenye tope lisilo na hewa, wanakufa vilevile. Kwa hiyo akishachana magazeti na maboksi kuwa matandiko, huyalowesha, hushika konzi moja, akaikamua. Yakidondoka matone mawili, basi. Yakichuruzika, anaongeza karatasi kavu. Kipimo chake ni kiganja tu. Wafugwa wake ni Eudrilus eugeniae, wenye asili ya Afrika Magharibi, ambao joto la Dar haliwasumbui kama linavyowasumbua wale wekundu wadogo wanaofugwa Ulaya.

Maganda ya ndizi huyakatakata. Makapi ya chai huingia yalivyo. Maganda ya mayai huyakausha, akayatwanga hadi yawe unga, maana nyungunyungu hana meno. Ana firigisi kama kuku, na chembe hizo ndizo zinazomsagia chakula. Ndimu, pilipili, mafuta, nyama na samaki havipiti mlangoni.

Siku aliyoniachia nilishe, nilimimina bakuli zima. Alichota karibu lote akalirudisha.

“Hawa hawali ganda, mwanangu. Wanakula uozo wa ganda. Lipe muda lioze.”

Hapo ndipo nilipouona ufundi wake: ni ufundi wa kunyima. Kabla ya kulisha hufukua pembe aliyoilisha siku tatu nyuma. Akilikuta ganda bado linatambulika, anafukia, anafunga. Mabaki ya siku hiyo yatasubiri kwenye friza, na yakishayeyuka huwa yamelainika, hayakawii kuoza. Chakula kikizidi, ndoo hupata joto na kuchacha.

Baada ya miezi minne hivi ndoo huiva. Humwaga mboji juu ya gazeti, chini ya taa, akaigawa vichuguu vidogo. Nyungunyungu huukimbia mwanga, wakazama chini. Anakwangua juu, anasubiri wazame tena, anakwangua. Vifuko vya mayai, vidogo kuliko punje ya mchele, huviokota kwa ncha ya kidole na kuvirudisha nyumbani kwao. Kinachobaki ni cheusi, kinanukia udongo wa mvua ya kwanza. Mchicha wake wa roshani unakisubiri.

Juzi, kichuguu cha mwisho kilinichosha kukitazama. Nikanyoosha mkono nikipangue. Hakunikemea. Alinisogezea kikombe changu cha chai, nami nikakishika.